Jina la Ugonjwa na Hesabu ya Wagonjwa: Istilahi za Afya ya Akili katika Utafiti wa Kitabibu, kutoka Kanombe na Ndera hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki

Ikisiri

Utafiti wa kitabibu kuhusu magonjwa makubwa ya akili hutegemea maneno kuliko tawi lingine lolote la tiba. Hakuna kipimo cha damu kinachothibitisha sonona wala picha ya eksirei inayoonesha kiwewe; kuna swali linaloulizwa na jibu linalotolewa. Makala haya yanafafanua jinsi istilahi za Kinyarwanda za maradhi ya akili zilivyochunguzwa na watafiti nchini Rwanda baada ya mwaka 1994, jinsi uchunguzi huo ulivyoathiri vipimo, takwimu na tiba, na funzo linalopatikana kwa Kiswahili, ambacho sasa ni lugha rasmi nchini humo na lugha ya mawasiliano ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hoja kuu ni kwamba istilahi ya kitabibu isiyoanzia katika usemi wa wagonjwa huzalisha takwimu zisizoaminika na ridhaa isiyo na uelewa. Makala yanapendekeza utaratibu wa kuunda istilahi kuanzia kwenye dalili, pamoja na ushirikiano wa taasisi mbili za Jumuiya zilizokwisha kuwapo.

1.0 Utangulizi

Daktari wa malaria anapotilia shaka maelezo ya mgonjwa, hupeleka tone la damu maabara. Daktari wa magonjwa ya akili hana njia hiyo. Humsikiliza mgonjwa na jamaa zake, huangalia mwenendo wake, kisha hulinganisha alichosikia na orodha ya dalili iliyoandikwa, aghalabu kwa Kiingereza au Kifaransa, na wataalamu wa nchi za mbali. Mtafiti naye hufanya hivyo hivyo kwa watu mia au elfu, na majibu yao huyageuza kuwa asilimia. Kati ya uchungu wa mtu na asilimia iliyochapwa katika jarida kuna kazi ya lugha, na kazi hiyo mara nyingi hupewa aya moja tu ya ripoti: hojaji ilitafsiriwa, kisha ikatafsiriwa upya kurudi lugha ya asili.

Makala haya yanashughulikia yale yaliyofichika katika aya hiyo. Yametumia tafiti zilizochapishwa kuhusu Rwanda na nchi jirani, na yanaziangalia kwa jicho la isimu. Hayachunguzi ubora wa dawa wala ustadi wa matabibu. Yanauliza swali moja: neno lililotumika kuuliza lilikuwa na maana gani kwa aliyeulizwa?

2.0 Kanombe, Ndera na Lugha za Eneo Hilo

Kanombe ni tarafa ya Wilaya ya Kicukiro, mashariki mwa Jiji la Kigali. Ndipo ulipo uwanja wa ndege wa kimataifa, na ndipo ndege ya Rais Juvénal Habyarimana ilipoangushwa usiku wa tarehe 6 Aprili 1994. Hapo pia ipo hospitali ya kijeshi ya rufaa, ambayo leo huwahudumia raia pamoja na askari. Si mbali na hapo, katika Wilaya ya Gasabo, ipo Hospitali ya Ndera, iliyoanzishwa na shirika la Mabruda wa Upendo na kuanza kupokea wagonjwa mwaka 1972. Ndera ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya magonjwa ya akili na ya mishipa ya fahamu nchini Rwanda. Skizofrenia na kifafa ni miongoni mwa maradhi yanayotibiwa hapo kwa wingi. Mwezi Aprili 1994 watu waliokuwa wamekimbilia hospitalini humo, pamoja na baadhi ya wagonjwa, waliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Hivyo hospitali yenyewe ni sehemu ya historia ya majeraha inayoyatibu.

Eneo hili lina lugha nyingi kuliko linavyodhaniwa. Kinyarwanda ni lugha ya wote. Kifaransa na Kiingereza ni lugha za mafunzo ya utabibu. Kiswahili kiliingia Kigali pamoja na askari na wafanyabiashara wakati wa utawala wa Kijerumani, mji ulipoanzishwa mwaka 1907, kikabaki sokoni, barabarani na majeshini. Baada ya 1994 kilipata wasemaji wapya kutoka kwa waliorejea kutoka Tanzania, Kongo, Kenya, Burundi na Uganda. Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya lugha rasmi ya nne. Dereva wa lori kutoka Tanzania au mfanyabiashara kutoka Kivu anayeugua akiwa Kigali ataeleza hali yake kwa Kiswahili, na mhudumu atapaswa kuipokea kwa Kiswahili kabla ya kuiandika kwa Kiingereza.

Jina la Ndera lenyewe linaonesha nguvu ya lugha katika suala hili. Katika mazungumzo ya kawaida, kumwambia mtu kwamba ni wa kupelekwa Ndera ni kumtukana. Hali ni hiyo hiyo kwa Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala. Jina la mahali pa tiba limegeuka kuwa jina la aibu, na anayehitaji huduma hulazimika kwanza kulivuka jina.

3.0 Istilahi Tatu za Kinyarwanda

Baada ya 1994 watafiti waliofika Rwanda walikuja na dhana ya msongo unaofuatia kiwewe, iliyoingizwa rasmi katika mwongozo wa uainishaji wa Marekani mwaka 1980. Wanyarwanda walikuwa tayari na maneno yao. Matatu yanafaa kufafanuliwa.

La kwanza ni ihahamuka, pamoja na kitenzi guhahamuka. Athanase Hagengimana na Devon Hinton, waliolichunguza kwa undani, wanalihusisha na mapafu: hali ya mtu aliyeishiwa pumzi, kana kwamba mapafu yamemtoka. Anayepatwa na ihahamuka hubanwa na kifua, hutweta, hushikwa na hofu ya ghafla, na pengine hupiga mayowe au kukimbia akiona tena yaliyompata. Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba kitovu cha neno hili ni pumzi. Katika orodha ya kimataifa ya dalili za msongo unaofuatia kiwewe, kukosa pumzi hakumo miongoni mwa dalili kuu. Kumo zaidi katika maelezo ya mishtuko ya hofu. Kwa hiyo anayeuliza kwa orodha ya kiwewe peke yake huacha nje dalili ambayo mgonjwa mwenyewe angeitaja kwanza.

La pili ni ihungabana, kutokana na guhungabana, yaani kutikisika, kuyumba, kukosa uthabiti. Neno hili halimtaji mtu aliyepatwa na wazimu, bali mtu aliyetikiswa na jambo lililotoka nje yake. Ndilo linalotumiwa sana na huduma za afya, hasa katika kipindi cha kumbukumbu kila mwezi Aprili, wakati wahudumu wanapokaa tayari kuwasaidia wanaozidiwa wakiwa kwenye maadhimisho. Kwa mtazamo wa isimu, mafanikio ya ihungabana yanatokana na kwamba halibebi lawama. Mti hutikiswa na upepo. Hakuna anayeulaumu mti.

La tatu ni agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi, ambalo limekuwa istilahi ya kawaida ya sonona. Hapa sifa gakabije ndiyo inayobeba mzigo wa kitabibu. Huzuni ni ya kila mtu. Iliyozidi ni ugonjwa. Swali gumu ni nani anayepima kuzidi huko katika nchi ambako familia nyingi zilipoteza jamaa wengi kwa mara moja.

Mtafiti Paul Bolton, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, hakuanza na hojaji. Aliwaomba wanavijiji wataje wenyewe matatizo yaliyoletwa na mauaji ya kimbari, kisha akawaomba wajuzi wa jamii wayapange katika mafungu. Matokeo yake yanawafaa wanaisimu kama yanavyowafaa matabibu. Dalili zinazotambuliwa kimataifa zilitajwa, lakini hazikupangwa kama vitabu vinavyozipanga. Fungu moja, la kiwewe cha akili, lilikuwa na dalili za msongo unaofuatia kiwewe pamoja na baadhi ya dalili za sonona na nyingine za kienyeji. Fungu la pili, la majonzi, lilikuwa na dalili nyingine za sonona na za kienyeji. Kwa maneno mengine, mpaka kati ya magonjwa mawili ulipita mahali pengine.

4.0 Kutoka Neno hadi Takwimu

Athari ya mpaka huo huonekana katika hesabu. Phuong Pham na wenzake walichapisha mwaka 2004 matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 2,091 katika wilaya nne za zamani: asilimia 24.8 walifikia vigezo vya dalili za msongo unaofuatia kiwewe. Naasson Munyandamutsa, daktari Mnyarwanda wa magonjwa ya akili aliyefariki mwaka 2016, pamoja na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti wa kitaifa wa watu 1,000 uliotoa asilimia 26.1. Kisha uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulitoa asilimia 3.6 kwa watu wa kawaida na asilimia 27.9 kwa manusura wa mauaji ya kimbari. Uchunguzi huo ulitoa pia asilimia 12.0 ya sonona kwa watu wa kawaida na 35.0 kwa manusura.

Mshauri wa sera anayeziona namba hizi kwa haraka anaweza kuhitimisha kwamba kiwewe nchini Rwanda kimeporomoka kutoka robo ya watu hadi chini ya mmoja katika ishirini na watano. Huenda sehemu ya kushuka huko ni ya kweli: miaka imepita, na kizazi kilichozaliwa baada ya 1994 kimekua na kuingia katika sampuli. Lakini uchunguzi wa 2004 ulitumia orodha ya dalili ambayo mshiriki huijibu kwa kueleza kiasi anachosumbuliwa, wakati ule wa 2018 ulitumia usaili wa kitabibu wenye maswali ya ndiyo au hapana, ambao humwondoa mshiriki mapema asipokubali swali la mwanzo. Swali la mwanzo likiwa na neno lisilomgusa, yanayofuata hayaulizwi kabisa. Kwa hiyo, kabla ya kulinganisha miaka, ni lazima kulinganisha maswali, na hilo haliwezekani iwapo maneno ya Kinyarwanda yaliyotumika hayakuchapishwa pamoja na matokeo.

Bolton na wenzake walionesha njia nyingine. Katika utafiti wao wa mwaka 2002 kuhusu sonona vijijini, uliotoa asilimia 15.5, hawakupima dalili tu. Walipima pia kama mtu anashindwa kufanya kazi ambazo wenyeji wenyewe walizitaja kuwa ni wajibu wa mwanamume au mwanamke: kulima, usafi, kushiriki mambo ya jamii. Kigezo cha kuzidi kwa huzuni kilipatikana hivyo kijijini. Huzuni imezidi pale inapomzuia mtu kushika jembe au kwenda msibani kwa jirani.

5.0 Lugha Ndani ya Tiba Zilizojaribiwa

Uangalifu wa lugha una faida ya moja kwa moja kwa wagonjwa. Mfano ulio wazi zaidi uko kusini mwa Uganda. Huko Bolton na wenzake walianza kwa kutafuta maneno ya Kiluganda yanayokaribiana na sonona, yokwekyawa na okwekubaziga, ndipo wakaendesha jaribio la tiba ya mazungumzo kwa vikundi katika vijiji 30 vilivyogawanywa kinasibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Baada ya wiki 16, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 6.5 katika vikundi vya tiba na asilimia 54.7 katika vijiji vya kulinganishia. Vikundi viliongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi, wasio madaktari, kwa lugha ya wenyeji.

Nchini Rwanda, Susanne Schaal na wenzake walilinganisha tiba mbili kwa yatima 26 wa mauaji ya kimbari, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009. Tiba ya kwanza humwongoza mtu kusimulia maisha yake kwa mfuatano, tukio baada ya tukio, hadi kumbukumbu ya kutisha ipate mahali pake katika hadithi nzima. Ya pili hushughulikia mahusiano yake na watu. Miezi sita baadaye, asilimia 25 ya waliosimulia na asilimia 71 ya kundi la pili walikuwa bado na ugonjwa. Sampuli ni ndogo na haitoshi kuamua sera, lakini inaonesha kwamba katika tiba ya kwanza usimulizi ndiyo dawa yenyewe. Mkalimani asiyejua tofauti ya guhahamuka na kuogopa hupunguza dozi.

Ikumbukwe kwamba utafiti mwingi wa Rwanda umeelekezwa kwenye kiwewe, ilhali wagonjwa wa skizofrenia na saikosisi nyingine wameandikiwa machache. Hali hiyo si ya Rwanda peke yake. Ndiyo maana mradi wa KUPAA nchini Tanzania, kifupi cha Kuwezeshana Kupata Uzima, unastahili kutajwa. Mradi huo ulijaribu, Muhimbili na Mbeya, elimu ya pamoja kwa wenye maradhi ya saikosisi na jamaa zao. Jina lake halikutafsiriwa kutoka Kiingereza. Kauli ya kutendana katika kuwezeshana inabeba msingi wa tiba: mgonjwa na jamaa wanapeana uwezo, hakuna anayepokea tu.

6.0 Hali ya Kiswahili

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya mateso ya moyo, lakini istilahi zake za kitabibu hazijatulia. Kwa dhana moja ya sonona, vipeperushi, redio na mitandao hutumia sonona, unyogovu, mfadhaiko, msongo wa mawazo na huzuni kubwa. Maneno haya hayalingani. Sonona lina ukoo na kusononeka, kuumia moyoni, na kwa hiyo humwelekeza msikilizaji mahali panapofaa. Unyogovu, kwa maana yake ya zamani, ni uvivu au ulegevu. Anayeulizwa kama ana unyogovu anaweza kusikia shutuma, akakanusha kwa heshima yake. Msongo wa mawazo hutumika pia kwa mwanafunzi anayekaribia mtihani.

Hapa utaratibu wa tafsiri rejeshi haumlindi mtafiti. Mtafsiri wa kwanza huandika unyogovu. Wa pili, aliyesoma shule ile ile, hulirudisha kuwa neno lile lile la Kiingereza. Karatasi mbili zinalingana kikamilifu, na mkulima aliyeulizwa hakuwamo katika mzunguko huo. Ulinganifu wa karatasi si ushahidi wa uelewa.

Kuna pia hatari ya maneno ndugu. Kinyarwanda guhangayika hutumika kwa wasiwasi unaomkosesha mtu utulivu wa moyo. Kiswahili kuhangaika kina maana hiyo, lakini mara nyingi zaidi ni kwenda huku na huku kutafuta riziki. Mhudumu wa Kigali anayemsikia Mtanzania akisema amehangaika sana anaweza kuandika wasiwasi, kumbe ameambiwa habari ya maisha magumu. Upande wa pili, neno wazimu lina mzizi unaomkumbusha Mnyarwanda abazimu, mizimu ya waliokufa. Mwendawazimu kwa umbo lake ni mtu anayekwenda na nguvu hiyo. Neno linamtajia mgonjwa chanzo cha ugonjwa kabla daktari hajafungua mdomo. Badala yake, lugha ya huduma imechagua ugonjwa wa akili, kama Kinyarwanda kilivyochagua uburwayi bwo mu mutwe, ugonjwa wa kichwani. Uteuzi huo umepunguza dharau, ingawa umeyakusanya maradhi mengi tofauti chini ya jina moja.

7.0 Ridhaa na Uelewa

Uzito wa suala hili ni mkubwa zaidi mgonjwa anapoombwa kushiriki utafiti. Mwaka 2014 Nader Perroud na wenzake, wakiwamo watafiti wa Rwanda, walichapisha ulinganisho wa wanawake 25 waliokuwa wajawazito wakati wa mauaji ya kimbari na wengine 25 ambao hawakuyapitia, pamoja na watoto wao. Walichunguza alama za kikemikali juu ya jeni inayohusika na mwitikio wa mwili kwa msongo, na wakaona tofauti kati ya makundi hayo, kwa mama na kwa watoto pia. Matokeo kama haya yakielezwa kwa maneno mabaya, mshiriki anaweza kusikia kwamba damu ya ukoo imeharibika. Alama inayoweza kubadilika na laana inayorithiwa ni mambo mawili, na tofauti yake iko katika uteuzi wa maneno.

Mradi wa NeuroGAP-Psychosis, unaotafuta misingi ya kijeni ya skizofrenia na baipola nchini Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, umeweka kinga moja ya kuigwa. Kabla ya kutia saini, mshiriki huulizwa maswali mafupi kuhusu lengo, hatari na hiari ya utafiti. Asipoelewa, huelezwa tena. Saini peke yake haihesabiwi kuwa ridhaa. Kinga hiyo, hata hivyo, ina nguvu sawa na lugha yake. Fomu inayosema kushiriki ni hiari, kisha ikasomwa wodini na mtu aliyevaa koti jeupe kwa istilahi ngeni, humfundisha mgonjwa kuitikia tu.

8.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uzoefu wa Rwanda unaonesha kwamba wenyeji walikuwa na uainishaji wao wa mateso kabla ya hojaji kufika, na kwamba tafiti zilizouanza kwa kuusikiliza zilipata vipimo na tiba bora. Kiswahili hakiwezi kuchukua nafasi ya Kinyarwanda kando ya kitanda cha mgonjwa wa Ndera, wala hakipaswi. Kazi yake ni kuunganisha: kati ya hospitali ya Kanombe na mgonjwa wa Goma au Ngara, na kati ya matokeo ya Kigali, Kilifi na Mbeya.

Mapendekezo manne yanatokana na maelezo haya. Kwanza, istilahi za afya ya akili ziundwe kuanzia kwenye dalili kama zinavyotajwa na wagonjwa na jamaa zao, ndipo zitafutiwe jina. Si kinyume chake. Pili, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, na Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki, yenye makao Bujumbura, ziandae kwa pamoja faharasa ya Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kiluganda, itakayoonyesha pia maneno ndugu yenye maana zinazoachana. Tatu, kamati za maadili ya utafiti zidai uthibitisho kwamba hojaji na fomu za ridhaa zilijaribiwa kwa watu wa kawaida, si kwa watafsiri wawili pekee. Nne, kila utafiti uchapishe maswali yake kwa lugha yaliyoulizwa, ili takwimu za miaka tofauti ziweze kulinganishwa kwa haki.

Gharama ya hatua hizi ni ndogo ikilinganishwa na ile ya dawa na majengo. Uchunguzi wa 2018 ulibaini kwamba asilimia 61.7 ya waliohojiwa walijua kuna huduma za afya ya akili, lakini asilimia 5.3 tu walikuwa wamezitumia. Sababu za pengo hilo ni nyingi, na lugha ni mojawapo ambayo watafiti na watunga sera wanaweza kuishughulikia bila kusubiri bajeti mpya.